Kitambaa Ulichodhani ni cha Salamu

Kerubo, mwanangu,

Umevuka mto kwenda kumuaga Magokoro, na kwa jinsi bibi yako anavyojua kumshika mtu kwa maneno na ndizi za kuchoma, hutarudi kabla ya mvua ya alasiri. Mama yako yuko shambani anakutafutia chinsaga, mboga za mwisho za wewe kula hapa nyumbani. Nimebaki peke yangu na kalamu, na mistari inapanda na kushuka. Si uzee. Ni hofu. Nakuambia mapema ili usipoteze wakati kujiuliza kwa nini mwandiko wa karani wa zamani umepinda hivi.

Mama ameshakuambia habari za blanketi, sweta, wasichana wanaoazima vitu bila kurudisha, na wavulana. Sina la kuongeza hapo. Kesho asubuhi utapanda basi kwenda chuo cha ualimu, mbali kule upande wa Mlima Kenya, nami nitasimama stendi ya Ekerenyo nikisema, "Haya, wasalimie watu wa huko," kama baba yeyote. Najijua. Neno lenyewe halitatoka. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii baba hamwelezi binti yake aibu zake. Chinsoni, ile heshima inayowaweka mbali kidogo mzazi na mtoto, mkwe na mkwe, ingenifunga mdomo kwenye mstari wa kwanza. Kiswahili nilikipata ukubwani, nikipima majani ya chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Hakinijui sana, kwa hiyo naweza kukiambia mambo.

Ijumaa, ulipokuwa kwa jirani ukisukwa nywele, nilichukua sanduku lako la bati nikaze kitasa. Kopo la kakao la vidonge vyako likagonga ndani. Hilo kopo nalijua mlio wake kuliko ninavyojua kengele ya kanisa, na mlio haukuwa sawa, ulikuwa mzito. Hospitali ilikupa vidonge vya mwezi mmoja. Kufikia Ijumaa vilipaswa kubaki tisa. Nilivimwaga kitandani, nikavipata ishirini. Nikavihesabu tena, kisha nikakaa chini.

Sikukasirika. Laiti ningekasirika, maana hasira ningeiweza. Niliogopa mpaka nyayo zikawa baridi. Una miezi minane tangu daktari atamke neno kifua kikuu, na miezi kumi ya dawa iko mbele yako. Unaonekana mzima. Mashavu yamerudi, unaimba ukichota maji, na lile gauni lililokuwa linaning'inia sasa linakubana. Na vidonge kumi na kimoja vimelala ndani ya kopo. Nilivirudisha kimoja kimoja, nikaufunga mfuniko, na sikumwambia mama yako, kwa sababu najua vilibaki namna gani. Najua kwa sababu na mimi niliviacha hivyo hivyo.

Unaukumbuka mwaka ule nilioondoka mkaambiwa nimerudi Kericho kazini? Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Uhuru, nawe ulikuwa bado unapoteza meno. Sikuwa Kericho. Nilikuwa hospitalini, wodi ya mwisho kabisa, mbali na nyingine, nikidungwa sindano kila siku. Tuliwaficha nyinyi, tukawaficha majirani, tukawaficha hata ndugu zangu. Mficha maradhi kilio kitamfichua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuishi na majirani zetu.

Niliporudi nilikuwa na kopo la vidonge na mori wa ajabu. Niliamka kabla ya jogoo. Nilimwita mama yako asimame anitazame nikimeza, kama vile nilikuwa nafanya mazingaombwe. Niliweka alama za mkaa ukutani, moja kwa kila siku, nikawa napita nikizitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake. Unacheka? Muulize mama yako kuhusu pareto. Muulize kuhusu mizinga ya nyuki, na ule mwezi nilioamua kuimba besi kwaya. Mimi nimeanza mambo mengi, Kerubo, na yote niliyaanza kwa kelele. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Mama yako alinitazama nikimeza dawa kwa mbwembwe zile, na baadaye aliniambia kwamba siku hizo ndizo alizoogopa zaidi.

Mwezi wa tatu kikohozi kiliisha. Nilinenepa. Nikarudi kubeba kikapu cha chai mgongoni mpaka kituoni. Sabato moja, mzee wa kanisa alipouliza nani ana neno la shukrani, nikasimama. Sikusema nilikuwa na ugonjwa gani, nilisema tu kwamba Bwana ameniponya kabisa. Watu wakaitikia amina, mama mmoja akalia, wakaimba. Tulikuwa tumepeleka mkungu wa ndizi uliotushinda kubeba peke yetu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, na nakuambia ukweli, furaha ile ndiyo iliyokaribia kuniua.

Jumatano iliyofuata nilikwenda zahanati kuchukua vidonge. Kwenye foleni alikuwepo mtu wa kanisani. Akanitazama juu mpaka chini.

"Ee, ndugu! Si ni wewe ulisimama Sabato ukasema Mungu amekuponya? Bono, sasa umekuja daktari amalizie?"

Foleni nzima ikacheka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatania tu. Nikasema nimemletea mgonjwa ujumbe, nikageuka, nikaondoka bila vidonge. Njiani nilijipa moyo kwamba aliyeponywa na Mungu akiendelea kumeza dawa ni kama anamwambia Mungu hakumaliza kazi. Niliona hoja hiyo ni nzuri sana. Mtu anayetaka kuacha jambo hakosi hoja nzuri.

Nyumbani vilikuwa vimebaki vidonge vichache, na hata hivyo sikuvimaliza. Nimefikiri sana kuhusu siku zile, zaidi ya nilivyofikiri kuhusu jambo lolote maishani. Siku ya kwanza niliikosa kwa kusahau, basi. Tulikuwa na chai nyingi, nikatoka mapema. Siku ya pili sikusahau. Niliamka nikakumbuka, nikaliona kopo, nikaona haya. Kumeza siku hiyo kungekuwa kukubali kwamba jana sikumeza. Siku ya tatu nililigeuza kopo likatazama ukuta. Kwa hiyo ninaposema najua vidonge vyako vilibaki namna gani, sidhani kwamba ulikosa siku kumi na moja. Nadhani ulikosa moja, ukajificha kumi.

Na kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia, na kama angeniambia sijui kama ningesikia. Mwanzoni nilimeza kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi kilikuwa ndicho kiboko changu. Dawa ikaanza kushinda, kikohozi kikaondoka, na kiboko kikaondoka nacho. Dawa ilionekana haina kazi wakati ule ule ilipokuwa inafanya kazi. Wanasema haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini hawakutuambia kwamba mtu anaweza kuchungulia kibaba miezi mingi asione kitu, na huku mori wa siku ya kwanza umekwisha zamani kama moto wa mabua.

Ugonjwa ulirudi mwaka uliofuata. Sitakuelezea damu. Nitakuelezea jambo moja tu, nalo ndilo lililonifanya niogope karatasi hii. Miezi ile, kabla sijakubali kurudi hospitali, jioni ulikuwa unakuja kukaa mapajani mwangu kando ya moto, ukiegemeza kichwa hapa kifuani, na ulipenda kumalizia uji uliobaki kwenye kikombe changu. Nilikuwa nakohoa juu ya nywele zako. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimeshaambiwa hospitalini watoto wakae mbali. Lakini kukusukuma kungekuwa kutangaza kwamba sikupona, nami nilikuwa nimeshashuhudia mbele ya watu wote.

Mwaka jana ulipokohoa wiki mbili mfululizo, mama yako alinitazama mara moja tu, akatazama pembeni. Daktari alisema ugonjwa huu unaweza kulala mwilini miaka mingi ndipo uamke, na kwamba si kikombe kinachoambukiza bali ni pumzi. Alisema pia hakuna anayeweza kuapa uliutoa wapi. Alikuwa ananihurumia. Mimi najua uliutoa wapi. Nisamehe, mwanangu. Nimelibeba neno hili miezi minane nikiogopa kwamba utanitazama kwa macho mengine, na sasa nakuandikia siku ya mwisho, kama mwoga nilivyo.

Waliponilaza mara ya pili daktari aliniuliza kama nilikuwa nameza dawa. Nikasema ndiyo, kila siku. Mama yako alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Akasema, "Anadanganya, daktari." Daktari akasema mara ya tatu huenda dawa hizo zisisaidie tena, na mimi nikaapa mbele yao wote wawili kwamba nimebadilika. Siku waliponiruhusu mama yako hakutaka kiapo wala alama za mkaa. Alivuka mto akaenda kwa mama yake.

Wewe unajua mimi na Magokoro. Nikimwona njiani natoka njiani. Hatusalimiani kwa mkono, hatuli pamoja, na kama ningejikwaa mbele yake ningeomba ardhi inimeze. Huyo ndiye mama yako alimchagua. Boma lake linatazamana na letu, kilima kwa kilima, mto katikati. Walipatana hivi: kila asubuhi nikishameza kidonge, kipande cheupe cha kitambaa cha marekani kianikwe kwenye ua, upande wa juu wa migomba, ambako yeye akiwa anakamua anaweza kukiona. Asipokiona, atakuja mwenyewe.

Ndiyo, kitambaa kile. Mlichoambiwa ni cha kumsalimia Magokoro. Ulikuwa unagombana na kaka yako ni zamu ya nani kukianika, na siku moja mlikirarua pembeni, mama akakishona kwa uzi wa bluu. Ulikuwa ukikianika, mimi nikikutazama kutoka mlangoni, na ladha chungu ya kidonge bado iko mdomoni mwangu.

Sasa ngoja nikueleze asubuhi moja. Ilikuwa msimu wa ukungu, ule unaofunika mto mpaka huoni hata choo chako. Nililala nikasikiliza matone kwenye migomba, nikajiambia leo kitambaa hakitaonekana hata kikianikwa, kwa hiyo leo ni siku ya mapumziko. Nimekuambia, hoja nzuri hazikosekani. Nikavuta blanketi. Nikasikia mtu anakohoa kidogo uani, kile kikohozi cha kujulisha.

Nilichungulia. Magokoro alikuwa amesimama kando ya zizi, ameipa kisogo nyumba yangu, leso imelowa mpaka magotini. Hawezi kuzungumza na mimi, kwa hiyo akazungumza na ng'ombe.

"We ng'ombe," akasema, "nimevuka mto na miguu hii mibovu. Sikuona kitambaa. Mwenye boma amemeza au hajameza?"

Nilikimbia kwenye kopo. Nilimeza bila maji, kikanikwama, nikatoka nje macho yamejaa machozi, nikasimama mlangoni na mimi nikamtazama ng'ombe.

"Ng'ombe, mwambie mgeni kwamba amemeza."

"Muulize, amemeza asubuhi au amemeza sasa hivi?"

Nikajifuta machozi. "Sasa hivi."

"Na kitambaa?"

"Ng'ombe, mwambie kuna ukungu, hakiwezi kuonekana."

Ng'ombe anatafuna, wala hana habari. Bibi yako akasema, "Mwambie sikumwambia akianike kionekane. Nilimwambia akianike." Akaondoka, hakunywa hata maji, akashuka tena kwenye ukungu akiwa anaburuta mguu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini tangu siku hiyo nilianika, mvua, ukungu, hata siku ya mazishi ya kaka yangu. Sikupata mori mpya, usije ukadhani hivyo. Mori haukurudi kabisa. Nilimeza miezi mingi nikiwa nimechoka, nimechukia, na kichefuchefu juu. Ni kama chai. Nimechuma chai yetu tangu miche ile ya kwanza, na ukiniuliza ni asubuhi ngapi niliamka nikiwa na hamu ya kuingia kwenye majani yenye umande wa barafu, labda ishirini. Lakini chai imechumwa, na wewe ulisomeshwa nayo. Wale walioipanda siku moja na sisi kwa nyimbo na vigelegele wakawa wanasubiri hamu, mashamba yao unayajua; michai imekuwa miti ya kuangikia nguo.

Nilikuwa na mwanamke mzee wa kumwogopa, na nilikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono baada ya kumeza, basi. Ndivyo vilivyonivusha. Mtu wa mbwembwe kama mimi sikuwa na nguvu nyingine. Na wewe, mwanangu, una sauti ya mama yako na mwendo wa Magokoro, lakini ule moto wa kuanza ni wangu. Nimekuona ukianza kushona, ukianza kitabu cha kumbukumbu, ukianza kuamka kusali. Nilicheka kila mara. Ijumaa sikucheka.

Nimejitahidi nisikuambie uahidi. Usiahidi. Mimi niliapa mbele ya daktari, na asubuhi ya ukungu nikavuta blanketi. Tafuta huko mtu mmoja, msimamizi wa bweni au msichana ambaye hungependa kuaibika mbele yake, umwambie ugonjwa wako jina lake. Najua unavyoogopa watakavyosogeza vitanda. Mimi pia naogopa. Lakini ugonjwa uliofichwa ndani ya kopo unaua, na hata vitanda vikisogezwa mtu hulala akaamka.

Na siku ukikosa, maana utakosa, usinijie na hoja. Niandikie mstari mmoja: nilikosa jana, leo nimemeza. Sitakujibu kwa ukali. Barua ya aina hiyo itanipa usingizi kuliko barua kumi zinazosema wewe ni mzima. Mstari kama huo ndio nilioushindwa mimi siku ile ya pili, kopo likiwa linanitazama.

Sasa nasikia ngurumo upande wa Nyaramba, na lazima nimalize.

Jana jioni, Sabato ilipokwisha, Magokoro alikuja tena uani. Nadhani mama yako amemwambia habari za chuo. Yule ng'ombe wa zamani alikufa, kama unavyojua, kwa hiyo alisimama na huyu binti yake, ametupa kisogo vile vile.

"We ng'ombe," akasema, "huyu mtoto huko aendako, atamwanikia nani?"

Miaka yote hii nimekuwa nikimjibu ng'ombe. Jana sikuwa na jibu. Alisubiri, kisha akaenda zake.

Leo asubuhi nimekitafuta kile kitambaa, nimekikata vipande viwili. Chenye uzi wa bluu kiko sandukuni mwako, kimefungia kopo. Ukishameza kiangike dirishani, kwenye chuma cha kitanda, popote. Hakuna atakayekiona. Angika. Kipande kingine kinabaki hapa, na kuanzia Jumanne, jua linapochomoza, nitakianika uani, palepale juu ya migomba. Magokoro atakiona kutoka ng'ambo. Atajua ni chako. Atasema Kerubo amemeza, naye ataendelea kukamua. Siku nitakayopata mstari wako kwamba ulikosa, sitakianika. Atavuka mto aje, nami nitamwambia ng'ombe ukweli, na hilo nitaliweza.

Lakini kila asubuhi nyingine nitakuwa natoka nikiwa na kitambaa mkononi, bila kujua kilichotokea huko kwenye chumba chako, nikishuhudia mbele ya mama yule mzee kwamba mtoto wangu anapona. Niliwahi kusimama mara moja nikashuhudia uongo, Kerubo, ukiwa mdogo, ukiwa umekaa kwenye benchi la mbele unaniitikia amina. Usiniache niuanike tena.

Nakuona sasa. Umeshafika kwenye daraja, umejifunika jani la mgomba, unakimbia mvua, na hukohoi.

Baba yako